Mwaka wa Leso Mbichi

Amka nami saa kumi za alfajiri. Usitafute swichi, stima ilipotea jana jioni, na miguu yangu inaijua njia. Wewe shika ndoo ya maji, mimi nabeba sufuria, mwiko na upekecho. Tukifungua lango la mabati la ploti tutaisikia Malaba kabla hatujaiona: breki za hewa zikipumua trela baada ya trela, utingo akikohoa chini ya gari alikolala, redio ya betri ikihangaika kuitafuta KBC. Kisha harufu zinakuja kwa zamu. Dizeli kwanza. Halafu mpira uliopata moto, omena waliomwagika kwenye gunia lililochanika, na mwisho matope, kwa kuwa ni mwezi wa tatu mwaka 1998 na mvua za El Niño zilizotuangukia tangu mwisho wa mwaka jana zimeiacha barabara ikiwa mashimo matupu.

Malori yamejipanga kuelekea daraja la Mto Malaba. Ng'ambo ya daraja ni Uganda. Madereva wengine wana siku tatu hapa, wengine nne, na wameshafanya maskani: kamba imefungwa kati ya trela mbili na fulana zimeanikwa, jiko la makaa liko kwenye kivuli cha gurudumu, mtu ananyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Mwenye haraka ni mtu wa boda boda peke yake. Baiskeli yake nyeusi ina mto wa kukalia nyuma ulioshonwa kwa ustadi, nyuzi za rangi zikining'inia pembeni, na kengele haikomi. Nikisikia leo watu wa Nairobi wakisema boda boda kana kwamba ni neno lao, huwa nacheka. Neno hilo ni la mipaka hii yetu ya Busia na Malaba. Walikuwa wakimwitia abiria wa kupelekwa kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, boda hadi boda, na sauti zikafupishwa na haraka.

Mimi nilikuwa muuza uji. Unga wangu ulikuwa wa wimbi uliochanganywa na muhogo kidogo, nikauloweka usiku ili uchachuke, alfajiri nikaupika taratibu na kuupekecha hadi mikono iwake. Ndimu mbili, sukari ya kutosha. Nilikaa kwenye kigoda mahali palipoinuka kidogo, sufuria imefunikwa kwa leso iliyokunjwa, vikombe vya plastiki vyekundu na kijani kwenye beseni. Madereva waliniita Mama Uji. Wa Mombasa alisalimu kwanza, akauliza nimeamkaje na watoto wameamkaje, ndipo akaomba kikombe. Wa Bukavu alifika akishika tumbo: "Mama, minasikia njala." Wa Kigali alilipa kabla ya kunywa. Kushoto kwangu alikaa jirani yangu Mteso, muuza njugu za kukaanga, ambaye kila asubuhi nilimwambia "Yoga" na yeye akanijibu "Mulembe," kila mmoja akimsalimu mwenzake kwa lugha ya mwenzake. Ndivyo tulivyoanza siku.

Asubuhi ninayotaka uione ni moja tu kati ya nyingi. Basi la kwenda Kampala lilisimama pembeni ya foleni, dirisha likiwa wazi, na ndani yake mtoto mchanga akalia. Si kilio kikubwa. Ni kile cha kuamka na kukuta mdomo mtupu. Nilikuwa nimeinama naosha kikombe. Nilihisi kitu kama sindano nyingi nyembamba zikipita ndani ya matiti yote mawili, zikitoka kwapani kuja mbele, na nilipotazama chini blauzi yangu ilikuwa na madoa mawili ya duara, yanakua.

Mwanangu alikuwa ameacha kunyonya wiki tatu kabla ya hapo.

Nikwambie ilivyokuwa. Alitimiza miaka miwili mwezi wa pili, na kwetu miaka miwili ilikuwa inatosha. Baadaye niliambiwa hata Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye hadi miaka miwili na zaidi akitaka. Lakini wangu alinyonya kama anayelipwa. Usiku mara nne. Mchana alinifuata sokoni, akaingiza mkono kifuani mwangu mbele ya madereva kama anayetafuta chenji mfukoni. Nilijaribu kumlikiza mwenyewe. Nilipaka shubiri, ule ute mchungu wa manjano, nikangoja aonje. Alionja. Akakunja uso, akanitazama kwa masikitiko, kisha akachukua ncha ya leso yangu, akapangusa chuchu vizuri, pande zote, akarudi kunyonya. Muuza njugu alicheka hadi njugu zikaungua.

Basi mama mkwe wangu, tuliyemwita Kukhu, akaja kutoka Lumino, upande wa Uganda, njia ya kwenda ziwani Majanji. Mume wangu ni Msamia wa huko. Mimi ni Mkhayo wa Matayos, na lugha zetu zinafanana kiasi cha kugombana bila mkalimani. Mume wangu alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu wa kubeba makaratasi kutoka dirisha hadi dirisha. Kukhu alikunywa chai, akamtazama mjukuu wake, akasema, "Nipe wiki mbili. Hapa ananusa maziwa, hawezi kusahau." Tulipanda matatu hadi Busia, nikamvusha hadi upande wa pili, nikamkabidhi. Alikuwa amelala. Nilimhamishia mgongoni kwa bibi yake kama mtu anayehamisha maji kutoka mtungi hadi mtungi, polepole, asimwage.

Wiki mbili zikawa mwezi. Kipindupindu kilikuwa kikitajwa sana upande wetu baada ya zile mvua, na Kukhu akatuma ujumbe kwa mtu wa basi kwamba mtoto asirudishwe kwenye matope. Mwezi ukawa miezi mitatu. Simu hatukuwa nazo. Habari zilikuja na watu: ameota jino la nyuma, amejifunza kuita bata, anakula ugali wa muhogo na mtama na samaki mbichi kutoka Majanji na amenona. Sikuwa na la kulalamikia. Biashara ilikuwa inakwenda, usingizi nilipata. Ila maziwa hayakuwa yamepewa habari hizo.

Kila mtu alikuwa na dawa. Muuza njugu alinifunga leso kifuani, fundo mgongoni, akavuta kama anayefunga mzigo kwenye baiskeli. Mama mmoja wa Amagoro alinifundisha majani ya kabeji: unalivunja uti, unaliweka baridi ndani ya leso, linatulia. Kweli liliniondolea maumivu siku za mwanzo, matiti yalipokuwa magumu kama mihogo. Lakini kufikia saa sita jani lilikuwa limeiva kwa joto langu mwenyewe, na nilinuka kama jiko la shule. Mwingine alisema kosa ni uji. "Wimbi huleta maziwa," akaniambia, "na wewe unaunusa kutwa nzima, unaonja kutwa nzima. Utaachaje kutoka maziwa?" Hilo lilinikalia, kwa sababu ni imani ya eneo zima, kila mzazi hapa hunyweshwa uji wa wimbi ili titi lijae. Nikawa napika bila kuonja. Sukari ikawa inazidi, au inapungua, na madereva wakalalamika.

Ugumu uliisha baada ya wiki chache. Kilichobaki ni kule kutoka kidogo kidogo: doa asubuhi, doa nikisikia mtoto akilia, doa nikioga maji ya moto. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Watu wakaanza kuhesabu kwa ajili yangu. Nilisikia nina mimba nimeificha. Nilisikia pia kwamba niliitoa. Mahali ambapo watu wanangoja siku nne bila kazi, maneno hupata muda wa kupikwa vizuri.

Siku moja dereva mmoja wa Mombasa, mzee mwenye kofia ya vito iliyofifia, alikuwa amekaa kwenye debe anakunywa uji na kusoma Taifa Leo ya juzi. Mtoto fulani akalia nyuma yetu. Nilijua kimetokea kabla sijatazama. Yule mzee aliinua macho, akayashusha, akakunja gazeti lake mara mbili, akaninyooshea bila kunitazama. "Uji umekumwagikia, mwanangu," akasema. Nikalishika gazeti kifuani. Akageuka upande wa gurudumu la lori lake, akaanza kulichunguza nati moja moja, kwa makini sana, hadi nikamaliza kujifunga leso nyingine. Uji wangu ulikuwa wa rangi ya udongo. Ile alama haikuwa na rangi. Yeye alikuwa mtu mzima, alijua tofauti.

Sasa njoo ndani, maana kuna jambo ambalo hata muuza njugu sikumwambia.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia la maua likigawa kitanda na viti. Mume wangu alilala mapema, miguu ikimuuma kwa kuzunguka madirishani. Nilipunguza utambi wa kibatari, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, nikafungua leso. Nikaminya. Kulia kwanza, kushoto baadaye. Tone lilitokea, jeupe, zito kidogo kuliko maziwa ya ng'ombe, likasimama kwenye chuchu likisita. Nikalifuta kwa kidole. Nikaminya tena kuhakikisha. Nilijiambia naangalia kama yamekwisha. Kila usiku niliangalia kama yamekwisha, na kila usiku tone lilipotokea nilitakiwa kusikitika. Sikusikitika. Nilifunga leso yangu nikaenda kulala vizuri.

Mume wangu ndiye aliyesema niende nikapimwe. Nilikwenda kliniki moja ya kulipia, ambayo sitaitaja. Kijana aliyenihudumia alinipima mimba. Hakuna. Akanipima tena, akanitazama kama ninayemficha kitu, akaniandikia vidonge vya rangi mbili na kunitoza pesa za uji wa wiki nzima. Hakuniuliza hata kama nimewahi kuzaa.

Mwezi wa nane nilishindwa. Nikamwachia muuza njugu sufuria, nikapanda matatu ya kwenda Busia. Kaa dirishani uone. Ni kama kilomita 30 hivi. Tunapita Adungosi, wanawake wanapanga mabiringanya na nyanya mafungu mafungu. Tunapita Alupe, penye hospitali iliyojengwa zamani kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, miti yake ikiwa mirefu na kimya chake kikiingia hadi ndani ya matatu. Mahindi yamekauka mashambani, mtama umeinamisha vichwa. Mwanamke aliyebanana nami ana kuku wawili miguuni. Kuku wanatazama juu kwa jicho moja moja.

Busia si kama Malaba. Malaba ina mto, na mto unakukumbusha kwamba unavuka. Busia ni mtaa tu unaoendelea. Unanunua sabuni Kenya na kiberiti Uganda bila kubadilisha mwendo, na wabadilishaji pesa wanakufuata na mabunda yao yaliyofungwa mpira. Shilingi yetu moja ilikuwa kama 20 zao, kwa hiyo nilivuka nikiwa maskini nikafika ng'ambo nikiwa na maelfu. Upepo ulileta harufu ya ndizi za kuchoma na samaki wakavu. Vitenge vilining'inia mlango hadi mlango, vipya, vikinuka gundi ya kiwandani.

Lumino nilifika mchana. Kukhu alinikuta njiani, akanizuia kwa kiganja. "Usitokee," akasema. "Amekwisha zoea. Ukitokea tunaanza upya." Akaniingiza jikoni kwake kwa mlango wa nyuma. Nikakaa kwenye wingu la moshi, macho yakinitoka machozi ya kuni, nikatazama kwenye ufa wa ukuta wa udongo.

Mwanangu alikuwa amechuchumaa chini ya mwembe. Amekuwa mrefu. Alikuwa na gunzi la mahindi amelifunga kwa kitambaa, amelibeba mgongoni kama wanavyobeba mama zake wote. Akalifungua. Akalipakata, akaliinamia, akaliambia neno nisilolisikia. Kisha akapandisha gauni lake, akaliweka lile gunzi kwenye kifua chake bapa, akalisubiri linyonye. Alilisubiri kwa muda mrefu. Alilibadilisha upande.

Nilirudi Busia jioni ile ile, leso imelowa hadi kiunoni.

Sasa kumbuka ni wakati gani. Bomu la Nairobi lilikuwa limelipuka tarehe 7 Agosti, hazijapita wiki mbili, na mpakani kila mtu alitazamwa kama mzigo. Na wanawake wa mpakani walikuwa na sifa zao. Hapa mimba zilikuwa zinazaa vitenge, na watoto waliobebwa mgongoni walikuwa hawalii hata wakifinywa. Mimi sikuwahi kuifanya biashara hiyo ya magendo, isipokuwa mara moja, tutaifikia. Siku ile nilikuwa msafi. Lakini kifua changu kilikuwa kimefungwa leso tatu, moja juu ya nyingine, kikatokeza mbele kama bawabu. Askari akaninyooshea kidole. Nikaongozwa kwenye kichumba cha mbao ambamo mkaguzi wa kike alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu amevua, anajipepea na kipande cha katoni. Kichumba hicho hakipo tena. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha Busia, chenye kumbi na vioo, na msafiri sasa hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Siku hizo kulikuwa na mbao, msumari wa kutundikia mkoba, na nzi.

"Hii ni nini?" akauliza, akigonga kifua changu kwa kidole.

"Leso, afande."

"Na ndani ya leso?"

"Ni mimi."

Akasimama. Akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Jani la kabeji likaanguka sakafuni, limenyauka, pamoja na harufu yake. Akaiokota ile leso ya ndani, akaikamua kidogo kwa vidole, akavinusa vidole vyake. Nilikuwa natazama msumari.

"Mtoto yuko wapi?"

"Lumino. Kwa bibi yake."

"Ana miaka mingapi?"

"Miwili na nusu. Aliacha mwezi wa pili."

Akakaa tena kwenye benchi, akasogea, akanipa nafasi. Nikakaa kifua wazi kando ya mkaguzi wa mpaka, kama tuko mtoni. "Mimi wangu alipoacha," akasema, "yalikaa hadi akaingia nasari. Mume wangu alidhani nimerogwa. Unakamua?" Nikasema hapana. Akanitazama. Nikasema ndiyo. "Kila siku?" Kila usiku. Akatoa mlio wa ulimi na meno, akaniandikia kwenye ile katoni ya kujipepea jina la zahanati na siku ambayo muuguzi fulani huwa zamu. Kisha akanifunga leso mwenyewe, si kwa kuvuta kama muuza njugu, ila ya kushika tu. Nje, askari akauliza kama amepata kitu. "Kabeji," akajibu.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliuliza maswali ambayo yule kijana hakuyauliza. Hedhi yangu imerudi? Imerudi, na haipotezi mwezi. Kichwa kinaniuma sana? Macho yanaona pembeni vizuri, au ni kama nimevaa pazia? Natumia dawa yoyote, ya kichefuchefu, ya presha, ya kutuliza akili? Zipo dawa za namna hiyo zinazoshusha maziwa hata kwa asiyenyonyesha. Akanishika shingo akitafuta uvimbe wa tezi. Akaniminya mara moja, akatazama: pande zote mbili, jeupe, hakuna damu. "Lingetoka titi moja peke yake, lenyewe bila kuguswa, au lingekuwa na damu, ningekupeleka mbio," akasema.

Kisha akanieleza, akichora kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa punje ya kunde. Inatoa kitu kinachoitwa prolaktini, ndicho kinachoagiza maziwa yatengenezwe. Ikiota kivimbe, maziwa huja bila mtoto, na hedhi huweza kukatika, na kichwa na macho husumbua. Ndiyo maana ameuliza. Yangu haifanani na hiyo. Yangu ni kule kuzima polepole tu, ambako kwa wengine huchukua wiki, kwa wengine miezi, hata mwaka na kupita, tone tone, bila ugonjwa. "Isipokuwa wewe hujaliacha lizime. Titi halijui kuhesabu siku. Linajua kunyonywa na kukamuliwa. Ukiliminya kila usiku, linasikia mtoto ameamka, linamwekea akiba ya kesho."

Nikamuuliza kuhusu uji. Alicheka. "Kunywa uji wako."

Akaniambia niache kuangalia. Siyo kupunguza; kuacha. Nivae sidiria inayoshika bila kubana, nisijisugue nikioga, nisiminye hata nikiwashwa na hamu ya kujua. Likiendelea kulowesha nguo hadi mwaka mpya, au hedhi ikikatika, au kichwa kikianza, nirudi anipeleke Kisumu damu ikapimwe. Nilimlipa kwa njugu, alikataa pesa.

Kuacha kuangalia lilikuwa jambo gumu kuliko kumlikiza mtoto. Usiku wa kwanza nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya pazia, kibatari kimepunguzwa, mikono kwenye mapaja, sijui nifanye nini nayo. Nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Usiku wa pili nikachambua wimbi hadi saa sita, changarawe moja moja. Mume wangu akauliza kutoka kitandani kama nimepoteza kitu. Wiki zikapita. Niliteleza mara mbili, mara tatu, nakiri, na tone lilikuwepo, dogo, kama aliyechelewa anayechungulia mlangoni. Mvua za vuli zilikuja kidogo mwaka ule. Malori mengi yalikuwa ya kwenda upande wa Kongo, ambako vita vilikuwa vimeanza tena, na yule mteja wangu wa Bukavu hakurudi. Niliendelea kumwekea kikombe chake chekundu pembeni kwa muda.

Mara ya mwisho niliangalia usiku wa Krismasi. Watu wa kanisani walikuwa wanapita na ngoma, muuza njugu alikuwa ametualika kwao kunywa ajon, chungu kikiwa katikati na mirija mirefu ikitoka kila upande, na mimi nilirudi nimechangamka. Sitasema nilichokiona. Nilifunga blauzi nikalala.

Mwezi wa pili 1999, mwanangu akitimiza miaka mitatu, nilikwenda Lumino kumchukua. Safari hii sikupitia mlango wa nyuma. Alikuwa uwanjani anafagia na ufagio uliomzidi urefu. Alinitazama, akamtazama Kukhu, akaniuliza kwa adabu sana, kwa Kisamia, nimetoka wapi. Nikamwambia Malaba. Akafikiri. "Kuna mama yangu huko," akasema. Kukhu alijifanya ana moshi machoni.

Alinikaribia kwa vipimo, siku mbili nzima. Jioni ya pili alikuja akasimama kati ya magoti yangu, akaweka kiganja kifuani mwangu, juu ya blauzi, akakiacha hapo kama mtu anayegusa ukuta wa nyumba aliyowahi kuishi. Kisha akaenda kuwatazama bata.

Kukhu alitufungia samaki wa kukausha na njugu mbichi. Na kwa kuwa nilikuwa na maelfu yangu ya shilingi za ng'ambo, na kwa kuwa muuza njugu aliniagiza, na kwa kuwa mtoto alikuwa anasinzia mgongoni, pale Busia nilinunua vitenge viwili vya yadi sita sita, nikavikunja vizuri, nikavipitisha chini ya matako yake ndani ya leso. Alikaa juu yake kama kwenye mto wa boda boda. Hakuamka.

Mkaguzi alikuwa mlangoni mwa kichumba chake, viatu amevaa leo. Alinijua kabla sijamsalimu.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye, afande."

"Na maziwa?"

"Sijui. Sijaangalia tangu Krismasi."

Alicheka hadi askari wa geti akageuka. Akaja, akamfunua mtoto uso, akamtazama alivyolala mdomo wazi, akampangusa jasho kwa kidole gumba. Mkono wake ukashuka taratibu mgongoni mwa mtoto, ukafika chini, kwenye vitenge. Ukatua. Nilitazama mbele, nilikotazama msumari siku ile. Safari hii palikuwa na boda boda aliyekuwa akipiga kengele akiniita.

"Mzito huyu," akasema. "Bibi yake amemlisha kweli kweli. Haya, pita, mvua inakuja."